Spana Namba Kumi na Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepokelewa kwenye kikosi cha kadeti wa anga. Sikushangaa. Walioomba tulikuwa kumi na wawili, na nafasi zilikuwa kumi na mbili.

Usaili ulifanyika ndani ya banda la ndege, kwenye ule uwanja mdogo nyuma ya maghala. Mkuu wa kikosi tunamwita Kapteni. Ni rubani mstaafu, mwembamba, anaongea kwa sauti ya chini kiasi kwamba ukikohoa umekosa swali. Akaniuliza kwa nini nataka kujiunga. Nikasema ujuzi, nidhamu na kuitumikia jamii. Ukweli ni kwamba nataka kupaa. Nina miaka kumi na sita na jengo refu kuliko yote niliyopanda lina ghorofa mbili.

Akauliza kama nimewahi kushika vyombo vya kazi. Nikasema nimelelewa na mhandisi wa mifumo ya maji. Namaanisha Mjomba. Ni fundi bomba, tunaishi naye. Kapteni akaandika kirefu. Dalili njema.

Mama ni mshonaji, kwa hiyo sare niliyopewa, inayoweza kutosha watu wawili wasiogombana, itapunguzwa leo leo. Mjomba akataka kujua choo cha ndege kikiziba huko juu huwa wanamwita nani.

Jumatano, 5 Machi

Gwaride juani, saa nzima. Nimejiunga kupaa, nafundishwa kugeuka. "Kushoto geuka" ni amri rahisi mpaka ujikute unatazamana na mstari mzima.

Kuna kadeti mmoja mrefu, mkimya, akisimama utadhani kapigiliwa ardhini. Tumempa jina Msumari. Hakukasirika. Hilo ndilo tatizo lake, hakasiriki. Viatu vyake vimelika visigino lakini vinang'aa hata unaweza kuvitumia kujitazama. Anasema anataka kuwa fundi wa ndege. Si rubani, fundi. Mtu anaingia kwenye banda lenye ndege, halafu anatamani spana.

Ndege yenyewe ni moja. Ndogo, viti viwili, nyeupe, mstari mwekundu uliopauka. Wanaiita Nzige. Nilipogusa bawa lake Fundi akaniambia niondoe mkono. Fundi ni mama wa makamo, mfupi, ovaroli yake ina mifuko mingi kuliko kabati la nyumbani kwetu. Shikamoo yangu aliiitikia bila kugeuka.

Ukutani kuna ubao mwekundu wa vyombo. Kila spana na kila bisibisi imechorewa kivuli chake kwa rangi nyeupe, na chombo kinaning'inia juu ya kivuli hicho. Fundi akaeleza kwamba jioni ubao lazima ujae. Akaeleza na sababu. Mimi nilikuwa naangalia Nzige, sababu ikanipita.

Jumamosi, 8 Machi

Habari kubwa. Jumamosi ijayo kadeti mmoja atakaa kiti cha kulia na kuruka na Kapteni. Atachaguliwa kwa nidhamu na uangalifu kazini.

Nimepiga hesabu. Ni mimi au Msumari. Waliobaki ni wa kujaza mstari tu. Mmoja husinzia gwarideni, mwingine anaogopa ngazi. Tatizo ni kwamba Msumari ndiye aliyekabidhiwa ubao wa vyombo, na kila jioni anaupangusa kama madhabahu.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Mama kwamba nimechaguliwa. Huo si uongo. Ni habari iliyowahi kufika. Mama akaacha cherehani katikati ya mshono na kumpigia simu dada yake. Mama mkubwa hajaniamini tangu niliposema nimekuwa wa kwanza darasani, ikaja kujulikana ni wa kwanza kwa alfabeti. Akasema vizuri, atakuja kusimama kwenye uzio wa uwanja aone kwa macho yake. Ataazima na darubini.

Sasa sina budi kuchaguliwa.

Jumanne, 11 Machi

Nimetekeleza.

Mpango ulikuwa hivi. Chombo kikipotea mikononi mwa Msumari, Msumari ni mzembe. Msumari akiwa mzembe, kiti ni changu. Sikuona pa kuharibikia.

Alipokwenda kumsaidia Fundi kusukuma Nzige nje, nilitoa spana namba kumi na tatu na kuitumbukiza ndani ya soksi. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Nikatoka nachechemea. Kapteni akauliza kama nimeumia. Nikasema kidogo tu, nitavumilia. Akanitazama kwa huruma, na nadhani kwa heshima pia.

Nyumbani nimeificha mahali ambapo spana haiwezi kumshtua mtu, yaani kwenye mkoba wa Mjomba, chini kabisa, kati ya spana zake. Sijui kwa nini watu husema nafanya mambo bila kufikiri.

Alhamisi, 13 Machi

Mambo yamekwenda, ila si upande nilioutarajia.

Tulikuta Nzige imefunikwa turubai. Kwenye ubao kivuli kimoja cheupe kiko wazi, na ukiingia tu ndicho unachokiona. Fundi akarudia ile sababu niliyoikosa. Chombo kikipotea, ndege hairuki. Kinaweza kuwa kimebaki ndani yake, kikabana kitu, na rubani akaja kujua akiwa juu. Safari ya Jumamosi imesimamishwa. Hakuna kiti cha kulia. Hata cha kushoto hakuna.

Nikauliza, kwa niaba ya wenzangu, kama haiwezekani kununua spana nyingine ya namna ile. Fundi akanitazama mpaka nikajibu mwenyewe kwamba haiwezekani.

Msumari alikuwa amepiga magoti, anapapasa sakafu kwa viganja, chini ya kila meza. Hakwenda shule leo. Kapteni amemvua zamu ya ubao. Akasema pia kwamba spana isipoonekana hatampendekeza kwenye chuo cha ufundi wa ndege. Mimi sikujua habari za chuo. Kumbe ndicho kilichomleta hapa, na kwao hakuna njia nyingine ya kumfikisha huko.

Alinifuata nilipokuwa nafunga kamba za viatu.

"Wewe ulikuwa karibu na ubao Jumanne," akasema. "Uliniona nikiirudisha?"

"Sikuangalia."

"Nakumbuka niliirudisha." Akafikiri kidogo. "Ila sasa sijui kama nakumbuka au natamani tu iwe hivyo."

Nikarudi nyumbani. Mama akaniwekea chakula, hakikupita. Labda naanza kuumwa. Nimemwambia safari imeahirishwa kwa sababu ya upepo. Pazia la dirisha lilikuwa limetulia kama limepigwa pasi.

Dawa yake ni nyepesi. Kesho spana itarudi.

Ijumaa, 14 Machi

Spana haimo. Mkoba haumo. Mjomba hayumo.

Mama akasema Mjomba kaenda zahanati, anafunga tangi jipya la maji juu ya paa. Shule nikaiacha kwa sababu za kiafya na kumfuata. Nikamkuta juu ya ngazi, anaimba. Akanieleza kwa furaha kwamba kaokota spana ya ajabu ndani ya mkoba wake, hajui ilifikaje, inakaa mkononi kana kwamba alizaliwa nayo. Hata kaizungushia tepu ya bomba kwenye mpini isiteleze. Nikamwomba aniazime. Akasema mbona rahisi, akapapasa mfuko mmoja, akapapasa wa pili, akaacha kuimba.

Ilikuwa imedondoka ndani ya tangi. Tangi lilikuwa limejaa.

Nikashauri tumwage maji. Muuguzi mkuu alitokea dirishani kabla sijamaliza sentensi. Akasema wamekaa bila maji tangu mwezi uliopita, na atakayemwaga hata kikombe atamfahamu yeye ni nani. Kama nina haraka ya kuona tangi likipungua, basi maji yatumike kwa kazi.

Yakatumika. Nimefua mashuka. Nimeosha sakafu ya chumba cha akina mama, ya chumba cha watoto, ya ukumbi. Nimeosha madirisha, ngazi, vitanda, na kiti kimoja ambacho baadaye niligundua ni cha jirani. Alasiri maji yalishuka, Mjomba akaingiza mkono mzima hadi begani, spana ikatoka. Muuguzi mkuu akamwambia Mjomba hajawahi kuona kijana mwenye moyo wa kujitolea kama mimi. Mjomba akafuta macho. Mimi nilikuwa nabandua tepu. Imetoka, karibu yote.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika haya kwa utulivu ili baadaye isisemwe kwamba nilipaniki.

Ningeweza kuiangusha spana chini ya meza ya kazi, mtu yeyote aikute, yaishe. Nililifikiria hilo kwa dhati. Lakini nikajiuliza, kwa nini aikute mtu yeyote? Atakayeipata ndiye atakayekumbukwa, na anayekumbukwa ndiye anayepewa kiti. Na akiikuta mahali pa hatari atakumbukwa zaidi. Nikaomba kupangusa vumbi ndani ya Nzige. Nikaisukuma chini ya kiti cha kulia. Nikapangusa kidogo kwa ajili ya heshima, kisha nikaita watu.

Hakuna aliyeshangilia.

Fundi alikuja, akapiga magoti, akaitazama pale ilipolala bila kuigusa. Akatuonyesha waya unaopita chini ya kiti kuelekea mkiani. Akasema taratibu kwamba spana ingesogea upana wa kidole, ingeubana ule waya, na Kapteni angevuta usukani na ndege isimsikie. Kapteni akavua kofia. Sikuwahi kugundua kwamba ni mzee.

Akamgeukia Msumari.

"Vua beji ya kadeti," akasema.

Msumari akavua. "Samahani, Kapteni. Sikumbuki kuingia humo ndani. Lakini naona siwezi kujiamini tena." Beji ikamponyoka, akainama kuiokota na kumpa.

Wakati huo nilikuwa natafuta maneno. Nataka ieleweke kwamba nilikuwa nayatafuta. Ila Fundi alinitangulia. Alikuwa ameinua spana na kuizungusha kwenye mwanga, kisha akachokonoa shingo yake kwa ukucha. Kikatoka kipande cheupe.

"Hii ni tepu ya bomba," akasema. "Nzige haina bomba la maji."

Kapteni akanitazama. Akaniuliza, kwa ile sauti yake ya chini, kama yule mjomba wangu, mhandisi wa mifumo ya maji, hajambo.

Nikasema hajambo.

Jumatatu, 17 Machi

Mama na Mjomba wameitwa. Nilikaa katikati yao kwenye benchi. Kapteni akasimulia yote bila kuongeza wala kupunguza, jambo ambalo lilinisikitisha, kwa sababu kuna mahali palihitaji kupunguzwa.

Mama alikuwa ananyoosha pindo la sare yangu kwa vidole, lile alilolishona mwenyewe, analinyoosha na kulinyoosha wakati limenyooka. Afadhali angenigombeza. Mjomba ndiye aliyesema. Akasema amefanya kazi miaka yote hii na hakijawahi kuonekana chombo cha mtu ndani ya mkoba wake. "Mpwa wangu," akasema, "mkoba ndio jina langu." Kisha akaniomba radhi mimi, kwa kutumia spana bila kuuliza ni ya nani. Hapo nikatazama dari. Dari ya banda ina viota viwili vya ndege wa kawaida.

Kapteni alitaka kunifukuza. Fundi akakataa. Akasema nikiondoka leo nitaondoka bila kujua nilichokuwa karibu kukifanya. Kwa kuwa Nzige sasa haiaminiki, itafunguliwa sakafu yote, na mimi nitafungua naye kila bati na kila skrubu mpaka nione waya ule unaanzia wapi na unaishia wapi.

Nikaagizwa kumwomba Msumari msamaha. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nilipofika kwenye sentensi ya pili alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Kumbe nakumbuka vizuri," akasema.

Ni hilo tu. Sikumalizia hotuba.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza Kapteni, kwa ajili ya kujifunza, kama kati yangu na Msumari tulikuwa tumekaribiana sana. Akasema mimi nilikuwa wa kumi. Wa tisa ni yule anayesinzia.

Alhamisi, 20 Machi

Skrubu. Skrubu. Nimelala kifudifudi ndani ya Nzige na tochi mdomoni. Fundi haongei, anaonyesha kwa kidole. Leo ameniambia nishike ule waya wakati yeye anasogeza usukani. Ukapita kwenye kiganja changu polepole, kule nyuma mkia ukainuka. Akausogeza tena, mkia ukashuka. Nikauliza kama huo waya ndio wenyewe. Akasema ndio wenyewe. Nikauliza kama hakuna mwingine wa akiba. Akasema hapana.

Niliendelea kuushika hata alipokwisha kusogeza.

Jumamosi, 22 Machi

Msumari ameruka.

Mimi nilipewa kazi ya kuondoa kabari kwenye magurudumu. Unavuta kamba, unarudi nyuma, unainua kidole gumba. Kapteni akanijibu kwa kidole chake kama kwa kadeti mwingine yeyote. Nzige ikakimbia ikitetemeka, nikafikiri haitaweza, kisha kukawa na mwanga chini ya matairi. Imepaa. Sina la kuongeza.

Tatizo lilikuwa kwenye uzio. Mama hakuwa amemweleza dada yake chochote zaidi ya tarehe mpya. Nadhani aliona aibu. Mama mkubwa alikuwa ndiyo kwanza anafika na darubini na kiti cha kukunja. Ilibidi nilale chini nyuma ya mapipa ya mafuta mpaka Nzige itue. Mama aliniona. Macho yetu yalikutana kati ya mapipa mawili. Akageuza uso, akamwonyesha dada yake wingu.

Ndege ilipotua Msumari alikuja mpaka nilipokuwa, akachuchumaa. Nikamuuliza kukoje.

"Barabara zote zinaonekana kana kwamba zilichorwa na mtu mwenye haraka," akasema. "Halafu huoni mtu. Unaona tu kwamba kuna watu." Akasema amerudishiwa ubao, na amemwomba Fundi aniweke kwenye zamu hiyo tusaidiane. Nikauliza kwa nini. Akasema mikono yangu ni myepesi. Sikujua kama ananisifu, na yeye si mtu wa utani. Nikakohoa. Nadhani ni vumbi la propela.

Nilitoka getini nikijipangusa. Mama mkubwa akanikumbatia mpaka darubini ikaniumiza mbavu. Akasema ameniona wazi kabisa kule juu, masikio ya ukoo hayafichiki. Akasema alinikosea kwa kutoniamini miaka yote hii, nimsamehe.

Nikamsamehe.

Jumatatu, 24 Machi

Nimetafakari kwa kina. Nilikosea, na sioni haya kuliandika. Chombo cha kazi hakiguswi. Kila kimoja kimechorwa, kimehesabiwa, na nyuma yake kuna waya, kuna mtu juu angani. Nimelielewa somo hili hata Fundi ameridhika. Leo amenipa kitambaa cha kupangusia ubao.

Kapteni ametangaza safari ya pili mwezi ujao. Safari hii mshindi ni atakayeshinda ukaguzi wa sare. Kwa hesabu zangu tumebaki wawili, mimi na kadeti mpya aliyehamia wiki hii. Tunamwita Redio kwa sababu anajua ishara zote za mawasiliano na hawezi kunyamaza. Sare yake haina mkunjo hata mmoja. Kofia yake ya buluu hasa, inakaa kichwani kama imepimiwa.

Akienda kunawa huiacha juu ya kiti cha mlangoni. Nimeutazama ubao wote, juu mpaka chini, kushoto mpaka kulia. Kofia haijachorwa popote. Haiingii kwenye injini, haibani waya, hakuna ndege duniani iliyozuiwa kuruka kwa ajili ya kofia.

Na Mama ana kapu zima la nguo za wateja, karibu zote za buluu. Kofia moja humo ndani haitamshtua mtu.